Tumechapa Ulichotuletea

Kama umewahi kuchapisha kitu chochote Nairobi, iwe ni tishati za chama, kikombe cha kumuaga bosi, au kile kijitabu cha mazishi kinachotakiwa kiwe tayari kabla gari halijaondoka kuelekea ushago, basi haya maneno unayajua: "Sisi tumechapa ulichotuletea." Hayasemwi kwa hasira. Husemwa kwa upole, na mtu mwenye wino kwenye kucha, huku akikusukumia bando la vitu usivyovitaki. Buluu imegeuka zambarau. Jina la marehemu limekatwa herufi ya mwisho. Nembo ya kampuni imekuwa miraba miraba kama vigae vya bafu. Na ile faili, ukiifungua kwenye simu yako hapo hapo kaunta, iko sawa kabisa.

Riziki yangu nusu ni kuandika, nusu ni kutengeneza faili kama hizo. Niliacha chuo mwaka wa pili, hadithi ambayo si ya leo, na kazi ya kwanza iliyonipa doo ilikuwa kukaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya jengo moja la River Road nikifungua flashi za watu. Ukutani palibandikwa karatasi ya masharti. CMYK pekee. DPI 300. Ongeza milimita tatu kila upande. Fonti zote zigeuzwe michoro. Leta PDF. Wateja walikuwa wanaipita ile karatasi kama tunavyopita masharti ya benki, na mimi nilikuwa naikariri tu, kama sala ya lugha nisiyoijua.

Ilinichukua muda kuuliza kilichokuwa wazi: hii kazi, kabla haijawa yangu na ya mteja, ilikuwa ya nani? Kwa sababu watu wamechapa vitabu na vitambaa kwa karne nyingi bila mteja kujua DPI ni mnyama gani. Nikaanza kusoma na kuwasumbua wazee wa matbaa kwa maswali. Nilichokipata ni kwamba kila mstari wa ile karatasi ulikuwa mtu. Alikuwa na meza, alikuwa na mshahara, na makosa yaliishia kwake.

Tuanzie Mombasa, na leso. Mtanzania ataiita kanga, nami nimelelewa na nyanya mwenye sanduku zima la leso, kwa hivyo nitasema leso. Jina lenyewe ni la Kireno, lenço, kitambaa cha mkononi. Inasimuliwa kwamba wanawake wa pwani walinunua vile vitambaa kabla havijakatwa kimoja kimoja, wakaviunga vipande sita pamoja kupata nguo pana. Wafanyabiashara wakaona pesa pale. Kufikia mwisho wa karne ya 19, viwanda vya mbali vilikuwa vinachapa nguo nzima kwa pamoja, ikiwa na pindo lake pande zote nne na mji wake katikati. Nyingine zilitoka Uingereza. Nyingine zilitoka Uholanzi, mji wa Helmond, kwa kampuni ya Van Vlissingen ambayo leo inaitwa Vlisco. Baadaye zikaja za India, na za Japani, ambayo kwenye miaka ya 1950 na 1960 ilikuwa inachapa leso nyingi sana za soko letu.

Mwaka 1887 Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana na wengi kwa jina la Abdulla, alianzisha biashara yake Mombasa. Jina hilo bado liko Biashara Street, na ukikunjua leso yao utaona pameandikwa K.H.E. na "Mali ya Abdulla". Yeye ndiye anayetajwa zaidi kwa ile desturi ya kuweka msemo chini ya mji, mwanzoni mwa karne ya 20. Misemo ya kwanza iliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha herufi za Kirumi zikachukua nafasi.

Sasa ifikirie ile kazi yenyewe. Mwanamke wa Old Town ana neno lake analotaka kumwambia jirani bila kufungua mdomo. Mwenye duka analisikia, analiona lina soko. Linaandikwa kwenye karatasi pamoja na mchoro, linaingia melini, linapita Suez, linafika kwa mchongaji wa Kiholanzi ambaye hajui Kiswahili, na wala hasomi Kiarabu. Huyo ndiye anayelichonga. Na kwenye kibao cha kupigia chapa maneno huchongwa yakiwa yamegeuka, kama unavyoyaona kwenye kioo. Yaani herufi ambazo zinasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, yeye anazichonga zikitoka kushoto kwenda kulia, na bado kwake ni mikunjo tu.

Kwa hati ya Kiarabu, nukta moja ikiwa chini ni ba. Ikihamia juu ni nun. Andika "baba" kwa hati hiyo, kisha zile nukta mbili ziteleze kwenda juu, na umepata "nana". Kwa herufi za Kirumi mambo si mepesi zaidi: "mama" akiongezewa herufi moja anakuwa mamba. Nafasi kati ya maneno nayo ni balaa. "Si mali" na "simali" zinaonekana ndugu kwa mtu asiyejua lugha. Yule mchongaji hakuwa na njia ya kushuku kwamba kuna kitu hakijakaa vizuri. Hakuweza kumpigia simu Abdulla. Alichonakili hakikuwa neno, kilikuwa umbo.

Nilipoelewa hilo ndipo nilipoelewa ule mstari wa ukutani unaosema fonti zigeuzwe michoro. Ukituma faili yenye maandishi ya kawaida, kompyuta ya mchapaji inatafuta ile fonti uliyotumia. Isipoipata inachukua nyingine yoyote iliyo karibu, na mwaliko wako wa harusi wenye mwandiko wa maua unatoka umeandikwa kama barua ya chifu. Kwa hiyo kabla ya kutuma unaziambia herufi ziache kuwa herufi. Zinakuwa mistari na mapindo. Mashine haisomi tena, inafuata umbo tu, kama yule mtu wa Helmond. Ndiyo maana pia, ukishageuza, huwezi kurudi kurekebisha tahajia. Umeshalikabidhi neno kwa asiyelijua.

Na kule kugeuza kama kioo hakujaisha. Anayechapa vikombe kwa joto huchapa picha kwenye karatasi kwanza, ikiwa kinyume, ndipo anaikandamiza kwenye kikombe ikae sawa. Mashine nyingi hugeuza zenyewe. Nyingine husubiri mtu akumbuke.

Kitu kingine kuhusu leso: fasheni yake ilikuwa na kiburi. Mwaka baada ya mwaka wanawake wa Unguja na Mombasa walikataa michoro ambayo wafanyabiashara walikuwa wameshailipia, na mzigo uliopitwa ulisukumwa bara kuuzwa kwa bei ya chini. Kutoka mchoro hadi bandari ni miezi. Kiwanda kilikuwa kimechapa kilicholetwa. Hasara ilikaa kwa mwenye oda. Kwa hiyo mwenye oda alijifunza kutuma maelezo yasiyoacha pengo: rangi ngapi, ipi iko wapi, pindo lina upana gani, msemo unakaa wapi. Viwanda navyo viliweka vitabu vya sampuli, na Helmond bado wanavihifadhi. Karatasi ya masharti ya River Road ni mjukuu wa barua zile.

Lakini leso ni upande mmoja tu. Upande wa pili ni matbaa iliyo karibu, yenye mtu anayesoma. Wakati michoro ya leso ilikuwa inavuka bahari, Unguja kulikuwa na matbaa ya misheni ya UMCA, enzi za Edward Steere, na waliopanga herufi humo ni vijana waliookolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Hiyo habari ilinisimamisha. Kati ya watu wa kwanza kushika neno la Kiswahili kwa vidole, herufi moja moja ya risasi, ni watoto waliokuwa wameuzwa. Na mpangaji herufi si mchongaji. Yeye anasoma. Ukimpa "mamba ndiye mlezi wa mtoto" atasimama, akuulize.

Huyo mtu anayesimama kukuuliza ndiye ninayemfuata kwenye hii habari yote.

Wakati fulani hata leso ilimpata. Urafiki ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, na kwetu Rivatex ikaja Eldoret kwenye miaka ya 1970. Mchoraji na mashine wakawa chini ya paa moja. Rangi ikikataa unatembea hatua hamsini kwenda kubishana. Kisha milango ya biashara ikafunguliwa, mitumba ikaja, viwanda vikalala kimoja kimoja. Rivatex ilifungwa hadi Chuo Kikuu cha Moi kikaja kuinunua mwaka 2007. Leso nyingi unazoona sasa hapa tao zimetoka India au China, na mchoro umerudi safarini, mara hii ndani ya simu.

Rangi nayo ina wenyewe. Leso haijui CMYK. Iwe ni kibao, rola au skrini, kila rangi ilikuwa na chombo chake, na bei ilipanda kwa kila rangi uliyoongeza. Tishati za skrini bado ziko hivyo, ndiyo maana fulana za kampeni mara nyingi huwa za rangi moja: mwanasiasa ana pesa, ila anachapa elfu kumi. Unachanganya nyekundu yako kwenye kopo hadi mteja aseme ndiyo hiyo. Kwa wale ambao kopo liko mji mmoja na mteja yuko mwingine, Lawrence Herbert wa Marekani alitoa mwaka 1963 ule mfumo wa Pantone, ambamo kila rangi ina namba na wote wawili wana kitabu kilekile. Unataja namba, ubishi unakwisha. Kitabu chenyewe si cha bei ya watu wa kiti cha plastiki.

Hizi herufi CMYK ni hadithi nyingine. Mtu wa kukumbukwa ni Jacob Christoph Le Blon, mzaliwa wa Frankfurt, aliyepata hataza London mwaka 1719 kwa kuchapa picha za rangi kwa mabamba matatu: buluu, njano na nyekundu, moja juu ya jingine, na nyeusi alipoihitaji. Hakuwa na kamera. Alitazama mchoro wa rangi za mafuta na kuamua kwa jicho lake kwamba kwenye shavu hili kuna njano kiasi gani na nyekundu kiasi gani, kisha akakwangua bamba moja moja. Biashara yake ilifilisika. Wazo likabaki. Ukibonyeza leo kitufe cha kugeuza RGB kuwa CMYK, kompyuta inafanya kwa sekunde moja ile hukumu iliyomla Le Blon maisha.

Ni hukumu kweli, na hapo ndipo watu hukasirika. Skrini ya simu inatoa mwanga. Karatasi haitoi mwanga, inaurudisha ule ulioipiga, ukiwa umepunguzwa na wino. Ile buluu ya umeme na ile kijani ya kung'aa kama koti la bodaboda, wino nne haziifikii, na hakuna mchapaji wa Nairobi anayekuficha kopo. Kompyuta itachagua rangi ya karibu. Zamani aliyechagua alikuwa fundi wa kutenganisha rangi, mwenye lenzi na filamu, na alijua kwamba ngozi ya Mwafrika ukiiongezea nyeusi kiholela unapata masizi. Programu nyingi huiongeza kiholela. Angalia vijitabu vya mazishi vya familia yako uniambie kama nadanganya.

DPI 300 nayo haikuteremka mlimani. Tangu Georg Meisenbach wa Munich apate hataza yake mwaka 1882, picha huchapwa kwa kuvunjwa kuwa nukta, kubwa mahali penye giza, ndogo mahali penye mwanga. Gazeti lina mistari michache ya nukta kwa inchi, kwa sababu karatasi yake hunyonya wino. Jarida zuri lina karibu 150. Wachapaji wakaweka kanuni ya kuipa kila nukta pikseli mbili, na mara mbili ya 150 ndiyo 300. Ni hesabu tu. Sasa chukua nembo uliyotumiwa kwa WhatsApp, yenye upana wa pikseli 1080. Kwa DPI 300 hiyo inatosha sentimita tisa, mfuko wa shati. Itandaze kifua kizima, sentimita thelathini, na umeshuka hadi karibu DPI 90. Tishati inavumilia kidogo kuliko karatasi, lakini macho ya mteja hayavumilii. Na kuandika "300" kwenye kisanduku cha programu hakuongezi pikseli hata moja. Nimebishana kuhusu hilo na watu wenye digrii.

Zile milimita tatu ni za mtu wa gilotini. Karatasi hukatwa zikiwa rundo, na rundo huteleza. Rangi yako ikiishia haswa pale kisu kinapotakiwa kupita, kisu kikikosea kidogo unabaki na uzi mweupe ukingoni. Kwa hiyo unairuhusu rangi imwagike nje ya mpaka, na maneno yako unayavuta ndani. Leso ilikuwa na adabu zaidi: huuzwa doti, vipande viwili vimeungana, na anayekata na kupinda ni fundi wa mtaani kwako, mbele yako, akikuuliza kama uko sawa.

Basi hao wote walikuwa wapi siku nilipokaa kwenye kile kiti? Mpangaji herufi, msomaji wa prufu, fundi wa filamu, mtenganisha rangi?

Mwaka 1982 John Warnock na Charles Geschke walianzisha Adobe, wakaja na PostScript, lugha ya kuiambia mashine ukurasa uchorwe vipi. Mwaka 1985 Apple ikauza printa ya LaserWriter iliyoijua hiyo lugha, na kampuni ya Aldus ikatoa PageMaker. Mtu mmoja mezani akaweza kupanga ukurasa mzima. Mwaka 1991 Warnock aliandika mapendekezo ya kurasa chache aliyoyaita Camelot: alitaka hati yoyote itoke kwenye kompyuta yoyote, ifunguke na kuchapwa popote ikiwa vilevile. Miaka miwili baadaye ikatoka PDF. Mwaka 2001 kukawa na aina yake iliyowekewa viwango vya kimataifa kwa ajili ya wachapaji tu, PDF/X-1a, ambayo inabeba fonti zake ndani na haikubali RGB. Abdulla angeipenda sana: barua isiyoacha pengo lolote.

Sisemi hili kwa kejeli. Bila PageMaker na watoto wake mimi singekuwa na kazi hii, wala hili jarida unalosoma lisingekuwepo. Kijana asiye na mtaji anaweza kukaa Kayole na kompyuta ya mkononi ya mitumba akatoa kitu kilichokuwa kinahitaji jengo zima. Huo ni uhuru, na nimeula.

Ila kuna walioulipia. Usiku wa kuamkia Julai 2, 1978, New York Times lilipangwa kwa risasi ya moto kwa mara ya mwisho, na wapangaji herufi wake wakarekodiwa kwenye filamu wakiziaga mashine. Mwaka 1986 London, magazeti ya Rupert Murdoch yalihamishiwa Wapping, kwenye jengo jipya lenye kompyuta, na wafanyakazi zaidi ya elfu tano waliogoma wakafutwa. Waliandamana nje ya lile lango mwaka mzima. Walishindwa. Wengine walikuwa na vyama vyenye nguvu kupita kiasi na ubaguzi wao, hilo limeandikwa pia. Lakini unapotoa mtu anayesoma, kusoma hakufutiki. Kunahama. Kulihamia kwa mwandishi, kwa mbunifu, na mwisho kwa mama wa chama anayetaka tishati arobaini.

Hapa kwetu matbaa ina historia yake na wafanyakazi. Makhan Singh alianza kazi mwaka 1931 kwenye matbaa ya baba yake hapa Nairobi, akiwa bado hajafika miaka ishirini. Mwaka 1935 alikuwa katibu wa chama kilichogeuka kuwa Labour Trade Union of Kenya, chama kilichofungua mlango kwa wafanyakazi wa kila rangi, na mwaka 1937 kikaongoza mgomo wa miezi miwili hapa mjini uliowapa watu nyongeza ya mshahara. Serikali ya kikoloni ilimkamata mwaka 1950 na kumwachia mwaka 1961. Nafikiri si bahati kwamba alitoka matbaani. Anayepanga maneno ya watu wengine siku nzima lazima ayasome, na akiyasoma atakuwa na maoni.

Kwenye lile jengo la River Road hatukuwa na chama. Na hiki ndicho kinachonikera, kwamba ile kazi haikufa. Nenda leo ghorofa yoyote yenye mashine za kuchapa: mlangoni kuna kijana na kompyuta. Mteja anafika na picha ya WhatsApp, kijana anaichora upya iwe mistari, anatenganisha rangi, anaongeza milimita tatu, anagundua kwamba "Hayati" imeandikwa "Hayeti", anapiga simu kuuliza. Ni mpangaji herufi, ni msomaji wa prufu, ni fundi wa filamu, ni Le Blon, wote kwenye kiti kimoja. Analipwa kwa faili, si kwa siku. Kwenye risiti ya mteja jina lake halipo, kazi yake imeandikwa "chapa". Na mambo yakiharibika? Mwenye mashine kachapa alicholetewa. Mteja kaleta alichokuwa nacho. Aliyebaki katikati ni nani? Niliwahi kukatwa malipo ya wiki nzima kwa sababu mteja mmoja alibadilisha namba ya simu kwenye bango baada ya kuidhinisha, kwa mdomo, akiwa nje ya mlango. Mwenye duka, simtaji, alisema mimi ndiye niliyegusa faili mwisho.

Siku hizi nafanya kazi nyumbani, na kwenye ankara zangu kuna mstari wake peke yake: kukagua faili. Si pesa nyingi. Wateja huuliza ni ya nini, nami naeleza kwa sentensi mbili. Wengine hukata, na ni haki yao. Anayeulipia namtumia ukurasa mmoja wa kuidhinisha kabla chochote hakijaenda kwa mwenye mashine: vipimo, rangi, kila neno, na mahali pa kujibu "sawa" kwa maandishi. Wenzangu watatu wanautumia ukurasa huo huo sasa, na tumekubaliana mtu asishuke chini ya bei fulani. Usituite chama bado.

Mwezi uliopita kikundi cha akina mama kutoka Umoja kilitaka leso thelathini za harusi ya binti yao. Walinitumia msemo kwa sauti ya simu, kila mmoja akiusema kivyake, wakicheka. Niliuandika, nikauweka chini ya mji, nikapima pindo, na kabla sijageuza fonti nikampigia mwenyekiti nikamsomea polepole, neno kwa neno, hata pale palipo na nafasi. Akanyamaza.

"Hebu soma tena, mwanangu," akasema. Nikasoma. Nyuma yake nikamsikia mwingine akipinga kwamba hilo neno la tatu sivyo wanavyolisema kwao, na wakaanza kubishana, huku mimi nikisubiri na kalamu mkononi.